Mgeni Asiyepewa Jembe: Beijing Katika Vitabu vya Hevi na Meyer

Mwaka 1963 Mghana mmoja, Emmanuel John Hevi, alichapisha mjini London kitabu kiitwacho An African Student in China. Alikuwa ametoka Beijing, alikokwenda kusomea udaktari, na aliondoka kabla ya kumaliza masomo. Kitabu chake ni cha malalamiko tangu mwanzo hadi mwisho. Miaka arobaini na mitano baadaye, mwaka 2008, Mmarekani Michael Meyer alichapisha The Last Days of Old Beijing, kitabu kuhusu maisha yake katika mtaa mkongwe wa mji uleule. Hiki ni kitabu cha mapenzi, ingawa ni mapenzi ya mtu anayeaga. Makala haya yanavisoma vitabu hivi viwili kwa pamoja na kuuliza swali moja: maoni ya mgeni kuhusu mji wa watu yana thamani gani, na tuyapime kwa kipimo gani?

Swali hili si la maktaba tu. Kila mwaka wenzetu kutoka vyuo vya Afrika Mashariki hupata ufadhili wa kwenda kusoma China. Kwa takwimu za Wizara ya Elimu ya China, mwaka 2018 pekee Waafrika waliokuwa wakisoma huko walikuwa 81,562. Mtu akishaondoka, hazipiti wiki nyingi kabla maoni hayajaanza kutufikia kwenye simu. Mmoja anasema Wachina ni wakarimu mno. Mwingine anasema Wachina ni wabaguzi na hatarudi tena. Wa tatu anasema mji ni safi lakini watu hawana urafiki. Sisi tuliobaki tunayapokea maoni hayo kama tunavyopokea taarifa ya hali ya hewa. Hili ni jambo la kushangaza kwa wanafunzi wa fasihi. Darasani tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kumhoji msimulizi: ni nani, amesimama wapi, anaweza kuona nini na hawezi kuona nini. Lakini msimulizi akiwa ni rafiki yetu aliye ughaibuni, somo hilo tunalisahau.

Kitabu cha Hevi kwa kawaida husomwa kwa namna mbili. Wapo wanaokichukua chote kuwa ni ukweli kuhusu Wachina, wa jana na wa leo. Wapo pia wanaokitupa chote, wakisema ni zao la Vita Baridi, kwamba kilichapishwa Magharibi wakati ambapo kila neno baya juu ya Beijing lilikuwa na soko. Kitabu cha Meyer hakina ugomvi wa namna hiyo. Husifiwa kwa sababu mwandishi wake anawapenda majirani zake. Nionavyo mimi, misimamo yote mitatu ina kasoro moja, nayo ni kumpima mgeni kwa hasira yake au kwa upole wake. Hasira na upole ni hali ya moyo. Havituelezi kama mtu alipata nafasi ya kuujua mji anaousema.

Tuna methali inayoweza kutusaidia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaifafanua kuwa ni onyo kwa mgeni asiwe mzigo. Maana hiyo ni sahihi, lakini ipo maana nyingine tusiyoizungumzia sana. Jembe ni ruhusa ya kuingia. Mgeni aliyepewa jembe anakwenda shambani pamoja na wenyeji. Anaujua udongo, anajua nani mvivu na nani mchapakazi, anasikia watu wanavyomsema mwenye nyumba wakiwa mbali naye. Mgeni asiyepewa jembe hubaki sebuleni. Anaweza kulishwa vizuri kuliko watoto wa nyumba hiyo, lakini akiulizwa habari za familia, ataeleza rangi ya viti tu. Hoja yangu ni kwamba Hevi aliwekwa sebuleni na Meyer alipewa jembe. Tofauti ya vitabu vyao inatokana na jambo hilo kuliko inavyotokana na tabia zao.

Bweni la wageni

Tuanze na Hevi. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. China nayo, ambayo uhusiano wake na Urusi ya Kisovieti ulikuwa unaharibika, ilikuwa inatafuta marafiki wapya. Wanafunzi wa Kiafrika walialikwa Beijing kama ishara ya urafiki huo. Walianza kwa kufundishwa Kichina, kisha ndipo waendelee na taaluma walizozifuata. Kwa hesabu ya Hevi mwenyewe, Waafrika waliokwenda kusoma huko katika kipindi hicho walikuwa 118, na kati yao 96 waliondoka kabla ya wakati. Anataja sababu sita: siasa zilizolazimishwa darasani, ugumu wa lugha, kiwango duni cha elimu, uhaba wa maisha ya kijamii, uhasama wa waziwazi, na ubaguzi wa rangi.

Orodha hiyo inatuonyesha mtindo wa kitabu kizima. Hevi anaandika kama mtu anayepeleka kesi mahakamani. Hoja zinahesabiwa, ushahidi unapangwa, hukumu inaombwa. Mtindo huu una nguvu yake. Pale anaposimulia alichokiona kwa macho yake, ni vigumu kumpuuza. Anaeleza jinsi wasichana wa Kichina waliofanya urafiki na Waafrika walivyoadhibiwa, hata urafiki wa kawaida ukageuka kuwa hatari kwa mwenyeji. Anaeleza pia kwamba wanafunzi wa kigeni walipewa posho kubwa kuliko wenzao Wachina na walilishwa vizuri zaidi.

Hili la posho na chakula linastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndipo kitabu kinaposema mengi kuliko mwandishi alivyokusudia. Miaka ile haikuwa ya kawaida. Ilikuwa miaka ya njaa iliyotokana na kampeni ya Hatua Kubwa Mbele iliyoanza mwaka 1958, njaa iliyoua makumi ya mamilioni ya watu, hasa vijijini. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiafrika alikuwa anakula vizuri katika mji ambao wenyeji walihesabiwa kila punje. Mwenyeji alidhani anamheshimu mgeni. Lakini sahani ile ilikuwa ukuta. Ilimtenga mgeni na kila mtu ambaye angeweza kuwa rafiki yake, na ikampa mwenyeji wa kawaida sababu ya kumwonea kijicho. Sioni ajabu kwamba baadaye kijicho hicho kiliungana na dharau ya rangi iliyokuwapo. Kwa maneno mengine, Hevi hakutengwa kwa kunyimwa tu. Alitengwa pia kwa kupewa. Huu ndio ushahidi bora wa kitabu chake.

Udhaifu unaanza pale anapotoka kwenye "tulifanyiwa hivi" na kuingia kwenye "Wachina wako hivi". Wachina wengi tunaokutana nao katika kurasa zake ni maofisa, walimu, wakalimani na watumishi. Wanatoa amri, wanakataza, wanatafsiri, wanachunguza. Kwa istilahi zetu za uhakiki, ni wahusika bapa. Hatujui wakirudi nyumbani wanasema nini na wake zao, wanamwogopa nani, wana deni kwa nani. Ni kitabu kuhusu kuishi katika mji wa mamilioni ya watu, lakini karibu hakina jirani.

Tungekuwa tunahakiki riwaya, tungempunguzia mwandishi alama kwa wahusika wa namna hiyo. Hapa hatuwezi kufanya hivyo kwa haraka. Ubapa wa wahusika wa Hevi haukutengenezwa na kalamu yake peke yake. Ulitengenezwa na utaratibu wa mji. Ikiwa msichana anayezungumza na mgeni anaadhibiwa, basi mgeni atamjulia wapi msichana huyo mawazo yake? Ikiwa mgeni anapangiwa mahali pa kulala, mahali pa kula na mtu wa kumtafsiria, atampata wapi jirani? Ukimya wa watu wa Beijing katika kitabu hiki ni sehemu ya ushahidi. Unaonyesha mji uliomkaribisha mgeni na wakati huohuo ukahakikisha kwamba hakutani na mtu.

Kwa sababu hiyo siwaungi mkono wanaokitupa kitabu hiki kwa madai ya Vita Baridi. Ni kweli kwamba maadui wa China walikuwa na sababu ya kukifurahia. Lakini furaha ya adui haiufanyi ushahidi kuwa uongo, kama vile sifa za rafiki zisivyoufanya kuwa kweli. Msomaji anachopaswa kufanya ni kutenganisha ushahidi na hukumu. Tofauti hiyo inaonekana wazi zaidi tukiangalia kitabu cha pili cha Hevi, The Dragon's Embrace, kilichotoka mwaka 1967. Humo anachambua siasa ya China kuelekea bara zima la Afrika. Shahidi ameondoka kizimbani na mwendesha mashtaka amechukua nafasi yake. Ukali umebaki, lakini lile bweni, ile posho na ile hofu ya msichana havipo tena. Mtu akitaka kujua kwa nini naiita sehemu ya ushahidi kuwa bora, asome vitabu hivi viwili mfululizo.

Jirani wa kichochoroni

Meyer alifika China mwaka 1995 kama mwalimu wa kujitolea, na mwaka 2005 akahamia katika vichochoro vya Dazhalan, kusini mwa Uwanja wa Tiananmen. Vichochoro vya namna hiyo huitwa hutong. Nyumba zake zimejengwa kuzunguka ua, na ua mmoja huweza kuwa na kaya kadhaa. Meyer alipanga vyumba viwili. Hakukuwa na choo ndani, hivyo alikwenda choo cha umma pamoja na majirani. Wakati wa baridi aliumia kama wao. Na alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya mtaa huo bila malipo.

Hapo ndipo jembe lilipoingia mkononi. Kwa kuwa mwalimu, Meyer alikuwa na sababu ya kuwapo ambayo kila mtu mtaani aliielewa. Jina lake lilifupishwa na kugeuzwa la Kichina, na watu wakamwita Mwalimu Ua-la-Plamu. Bibi mmoja mzee, ambaye kitabuni anaitwa Mjane tu, alimbishia hodi bila kungoja kukaribishwa, akamletea chakula na kumkemea kama mtoto wake. Kuna mtu anayenunua chupa na makaratasi makuukuu, kuna wahamiaji waliotoka mikoa mingine kutafuta riziki, kuna mwalimu mwenzake Mchina ambaye ana mipango yake ya maisha. Hawa ni wahusika duara. Wanabadilika na wanagongana.

Jambo kuu katika kitabu ni kubomolewa kwa mtaa. Beijing ilikuwa inajiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Agosti 2008, na nyumba kongwe zilikuwa zinaondolewa kupisha barabara pana na maduka. Alfajiri watu waliamka wakakuta herufi moja imechorwa ukutani, herufi yenye maana ya "bomoa". Hakuna aliyemwona mchoraji. Meyer anamwita Mkono. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi, kwani sote tumewahi kuona alama ya X nyekundu kwenye nyumba zilizo kando ya barabara, na tunajua jinsi familia inavyoendelea kupika chakula cha jioni nyuma ya ukuta uliokwisha kuhukumiwa.

Kinachokifanya kitabu hiki kuwa kizuri si kwamba mwandishi anapinga ubomoaji. Wageni wengi wanaopenda majengo ya kale wangeupinga. Uzuri wake ni kwamba anawaacha majirani watofautiane naye na wao kwa wao. Mjane hataki kuhama. Wengine wanataka choo cha ndani na joto la bomba, na wanajiuliza huyu mgeni anapenda nini katika baridi hii. Meyer hawafichi. Hapa tunaona faida ya jembe. Mtu wa sebuleni angeandika kwamba "watu wa Beijing wanasikitikia mji wao". Mtu wa shambani anajua kwamba neno "watu" lina ugomvi ndani yake.

Jembe la Kiingereza

Mpaka hapa huenda msomaji akafikiri kwamba nampa Meyer ushindi. Sivyo. Methali yetu inasema "mpe jembe". Jembe hutolewa. Haitoshi mgeni kuwa na bidii, kwa kuwa mwenyeji naye lazima awe tayari kutoa. Je, kwa nini Meyer alipewa?

Kwanza, nyakati zilikuwa tofauti. Katika miaka ya 1960 mwanafunzi wa kigeni hakuwa na njia ya kutafuta chumba kichochoroni kwa hiari yake. Kufikia 2005 hilo liliwezekana. Pili, Meyer alikuwa na bidhaa ambayo mji uliihitaji. Beijing ilikuwa inangoja dunia nzima ije kutazama michezo, na Kiingereza kilikuwa kinatafutwa kila pembe. Mzungumzaji wa Kiingereza kutoka Marekani hakuhitaji kumwomba mtu jembe, alikuja nalo. Tatu, aliweza kuondoka siku yoyote. Baridi ile ile iliyomtesa Mjane, kwake ilikuwa baridi ya kuchagua. Meyer analitambua jambo hilo, lakini kulitambua hakuliondoi. Zipo kurasa ambamo uzuri wa ua la kale unamvutia kiasi kwamba harufu ya choo inakuwa sehemu ya mandhari. Mjane hana anasa hiyo.

Kwa hiyo kusema kwamba Meyer ni mvumilivu na Hevi ni mlalamishi ni kumwonea Hevi. Mmoja alifika na lugha yenye nguvu katika mji uliofungua milango. Mwingine alifika kama ishara ya siasa katika mji uliofunga milango na kumwekea sahani nzuri nje ya mlango. Kiingereza kina maneno mawili kwa watu hawa. Mtu wa nchi tajiri anayeishi ugenini huitwa expatriate, mtu wa nchi maskini huitwa migrant. Kiswahili kina neno mgeni, na neno hilo linawatosha wote wawili. Nadhani hapa lugha yetu inamsaidia mhakiki, kwa sababu inamlazimisha amuulize kila mgeni swali lilelile: umepewa jembe gani, na nani aliyekupa?

Pingamizi moja dhidi ya hoja yangu ni la haki. Wapo wageni waliopewa jembe na bado wakatendewa vibaya. Tuchukue mji wa Guangzhou, kusini mwa China, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika wamekuwa wakinunua bidhaa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Wengi wao si watu wa sebuleni. Wanapanga maghala, wanapatana bei kwa Kichina, wengine wameoa huko na wana watoto. Nguo na simu zinazouzwa Kikuubo, Kampala, zimepita mikononi mwao. Hata hivyo, Aprili 2020, wakati wa hofu ya ugonjwa wa korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba walizopanga na kukataliwa hotelini, wakalala nje. Jembe halikuwakinga.

Nakubali. Lakini pingamizi hilo linanisaidia kuweka mpaka wa hoja yangu. Jembe hupima kile mgeni anachoweza kujua. Halipimi jinsi atakavyotendewa. Mfanyabiashara wa Guangzhou aliyefukuzwa anaweza kutuambia jina la mwenye nyumba aliyempigia simu kwa siri kumtahadharisha, na la jirani aliyegeuza uso. Anajua ubaguzi una sura ngapi. Mwanafunzi wa sebuleni, akipata mkasa huohuo, atajua tu kwamba "wao" wamemfanyia. Wote wawili wameumizwa, na maumivu yao yanastahili heshima sawa. Ila tukitaka kuuelewa mji, tutamsikiliza wa kwanza kwa muda mrefu zaidi.

Mzanzibari asiyesema

Nimeacha mwishoni tukio ambalo kwa wanafunzi wa Kiswahili ni zito kuliko yote katika kitabu cha Hevi. Machi 1962 mwanafunzi kutoka Zanzibar alitaka kununua pakiti ya sigara katika Hoteli ya Amani mjini Beijing. Kulizuka ugomvi, na wafanyakazi wa hoteli wakampiga. Kwa Hevi, tukio hili ndilo lililokata tamaa ya wengi. Malalamiko ya pamoja yalifuata, na katika miezi iliyofuata wanafunzi waliendelea kuondoka.

Tarehe hiyo iwekwe kando ya nyingine. Mwaka 1961, mwaka mmoja tu kabla, Redio Peking ilikuwa imeanza matangazo yake ya Kiswahili. Serikali iliyotaka kusikika Unguja, Mombasa na Dar es Salaam ilikuwa imeona umuhimu wa kuisema lugha yetu. Basi katika mji mmoja, katika kipindi kimoja, Kiswahili kilisafishwa kwa ajili ya mawimbi ya redio, na msemaji wake akapigwa kwa ajili ya sigara. Sisemi hivyo ili kuonyesha unafiki tu. Nasema hivyo kwa sababu tukio hilo linaonyesha kwamba jembe la Mzanzibari lilikuwapo. Lilikuwa ni lugha yake. Mji ulilihitaji jembe lile, lakini nje ya studio haukumtambua mwenye nalo.

Na tukirudi kwenye kitabu chenyewe, tunaona pengo. Mzanzibari huyu anapigwa, anatetewa na wenzake, anakuwa hoja katika orodha. Lakini hasemi. Hatujui aliomba sigara kwa Kichina au kwa ishara, alikuwa na marafiki gani mjini, aliandika nini kwa mama yake. Hevi alifanya wajibu wake kumtaja, na bila Hevi tusingejua lolote. Hata hivyo, katika kitabu hiki Mzanzibari ni mhusika bapa sawasawa na wale wafanyakazi wa hoteli waliompiga.

Pengo hilo linatuhusu sisi. Nathari ya Kiswahili haikuanza jana kuandika habari za miji ya mbali. Katika miaka ya 1890 Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa Berlin akifundisha Kiswahili, na aliandika habari za maisha yake kule. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, kitabu ambamo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Ni kweli kwamba maandishi hayo yalikusanywa na Wajerumani kwa malengo yao. Lakini macho yalikuwa ya Waswahili, na maneno pia. Waliipima theluji, treni na desturi za Wazungu kwa istilahi walizozaliwa nazo.

Linganisha na China. Katika orodha ya vitabu tunavyosoma katika kozi zetu, hakuna hata kimoja cha Kiswahili kuhusu kuishi katika mji wa China. Riwaya ya The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, iliyotoka mwaka 2019, inampeleka msichana wa kisiwa cha Pate kwenda kusoma Xiamen. Ni riwaya ya pwani yetu, yenye Kiswahili ndani yake, lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Hevi ameandika kwa Kiingereza. Meyer ameandika kwa Kiingereza. Na mimi hapa naandika kwa Kiswahili kuhusu vitabu vyote hivyo, nikilazimika kutafsiri kila wazo kabla ya kulibishia. Lugha iliyotosha kusimulia Siberia mwaka 1901 haijashindwa kusimulia Beijing. Haijapewa kazi hiyo tu. Lugha nayo inaweza kubaki mgeni sebuleni.

Hitimisho

Katika makala haya nimejaribu kuonyesha kwamba kitabu cha Hevi kisomwe kama ushahidi wa bweni, wala si hukumu juu ya taifa, na kwamba ukimya wa wenyeji ndani yake ni sehemu ya ushahidi huo. Nimeonyesha pia kwamba kitabu cha Meyer kina majirani hai kwa sababu mwandishi alipewa kazi mtaani, lakini kazi hiyo aliipata kwa nguvu ya lugha yake na pasipoti yake, si kwa wema wake pekee. Kati ya viwili hivyo, Meyer ameuona mji vizuri zaidi. Lakini Hevi anatufaa zaidi sisi, kwa kuwa hali yake ndiyo inayofanana na ya wengi wetu tutakaokwenda kwa ufadhili, kupangiwa bweni la wageni, na kuanza kutoa maoni wiki ya tatu.

Kwa wenzangu watakaopata nafasi hiyo nina ombi la mwanafunzi kwa wanafunzi. Msituletee "Wachina wako hivi". Tuleteeni mama anayeuza mikate ya mvuke kwenye lango la chuo, bei yake, anachowalalamikia wanawe, na alichowaambia siku mlipoanza kumwelewa. Mkipata mkasa kama wa Hoteli ya Amani, usimulieni bila kuupunguza, pamoja na aliyepiga, aliyetazama na aliyezuia. Na uandikeni kwa Kiswahili, ili siku moja mhakiki wa kozi hii asilazimike kumtafuta Mzanzibari ndani ya kitabu cha Mghana kilichochapishwa London.